Kamati yetu imechoka kuhubiri "zima taa": tuanzie wapi?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mafinga. Mwaka jana tulikaa watu tisa tukaunda kamati ya kujitolea ya kuhimiza matumizi bora ya nishati mjini kwetu. Kuna fundi umeme mmoja, mama lishe wawili, mzee wa kanisa, ustadhi, kijana wa bodaboda na sisi walimu wastaafu watatu. Mfadhili hatuna. Tumefanya mikutano mitatu ya mtaa na kugawa vipeperushi vya "Zima taa usiyoitumia". Watu wanapiga makofi, wanakwenda zao, na hakuna kilichobadilika. Wengine wanasema tumetumwa na shirika la umeme, wengine kwamba mmoja wetu anautaka udiwani. Sasa amekuja kijana anayetaka kutuuzia kwa bei ya jumla vifaa vya kuchomeka ukutani, anasema vinapunguza umeme nusu. Tununue tuwauzie wananchi? Tujisajili kwanza? Kwa kweli tuanzie wapi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nitaanza na la kijana kwa sababu lina haraka: msinunue. Ndani ya vile viboksi mara nyingi utakuta kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi) na kitaa cha kijani cha kukupa moyo. Kapasita ina kazi yake halali, lakini kwenye viwanda vyenye mota kubwa vinavyolipia mzigo wa juu kwa kVA, yaani kipimo cha mzigo wote wanaouvuta kwenye laini. Hapo Mafinga labda kiwanda cha mbao kingekuwa na la kuzungumza na fundi anayezijua. LUKU ya nyumbani inahesabu nishati uliyoitumia kweli, na birika likihitaji wati 1,500 kuchemsha chai litazichukua zote, kiboksi kiwepo kisiwepo. Nikifika kwenye kupima mita nitakupa jaribio la dakika tano mlifanye mbele ya kijana huyo huyo. Msimfukuze. Akiona mwenyewe huenda mkapata mwanakamati wa kumi.

Sasa vipeperushi. Kosa lake, kwa heshima zote, ni la hesabu. Wakati nyumba zilikuwa na balbu za wati 60 zile za waya, "zima taa" ilikuwa nasaha ya maana. Balbu tano za aina hiyo zikiwaka saa tano kila usiku zinakula uniti 45 kwa mwezi. Siku hizi nyumba nyingi zina balbu za LED za wati 9. Tano hizo, kwa saa zile zile, hazifiki uniti saba. Mtu akijitesa gizani nusu ya muda huo anaokoa uniti tatu na ushee, akienda kununua umeme haoni tofauti, na anahitimisha kuwa kamati haijui inachosema. Yuko sahihi.

Kinachokula umeme ni joto. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga. Alfajiri ya Juni au Julai huko kwenu tukadirie maji ya bomba yako nyuzi 15. Kuyafikisha nyuzi 40 kunahitaji karibu uniti 0.58, na hapo hakuna ujanja. Ni tabia ya maji yenyewe, iwe hita ya kuchovya ya bei rahisi au shawa ya umeme ya bei mbaya. Familia ya watu watano, kila mmoja ndoo moja kwa siku, inatumia uniti 87 kwa mwezi kwa kuoga tu, kabla ya taa, friji, pasi na televisheni. Nyumba hiyo hiyo mmeipa karatasi ya kuzima taa.

Ikumbuke hiyo 87, maana kuna namba nyingine inayokaa jirani yake: 75. Katika bei za TANESCO, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa 350. Kundi la kawaida, T1, hulipa 292. Ongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), ndipo unapata zile 122 na 356 ambazo watu wanazitaja vijiweni bila kujua zimetokea wapi. Kumtambua mtu yuko kundi gani huhitaji fundi. Tazama risiti: shilingi 5,000 inayotoa uniti kama 41 ni ya D1, inayotoa kama 14 ni ya T1. Mfanye hivyo kwa ununuzi usio na makato ya kodi ya jengo, kwa sababu kodi hiyo hukatwa humo humo kwenye LUKU na wengi huiona kama umeme umepanda. Nusu ya malalamiko mtakayokutana nayo yataisha kwa kumsomea mtu risiti yake mstari kwa mstari. Hiyo nayo ni kazi ya kamati, na huenda ndiyo itakayowafungulia milango.

Hapa niseme kidogo juu ya nyumba za kupanga, maana ndipo penye uonevu usioonekana. Wapangaji wanne, mita moja. Kila mmoja anatumia uniti 30, kwa hiyo kila mmoja angekuwa mteja mdogo kabisa. Lakini mita inaona 120. Wote wanne wanalipia kama watu wakubwa, na juu ya hilo hakuna mwenye sababu ya kubana matumizi, kwa kuwa anachookoa yeye kinaliwa na jirani mwenye jiko la koili chumbani. Ugomvi wa "nani kamaliza umeme" unajulikana kila mji. Kamati ikiweza kuzungumza na wenye nyumba kumi tu, wakaomba mita tofauti, au wakianza na mita ndogo za ndani ili kila mtu aone chake, itakuwa imefanya kazi kuliko vipeperushi elfu. Ila mwelewane mapema kuwa mita ndogo ya ndani inagawa deni kwa haki lakini haibadilishi bei. Bei inafuata ile mita kuu.

Hivyo jibu langu kwa "tuanzie wapi" ni hili: acheni mikutano kwa miezi mitatu. Chagueni nyumba kumi, kwanza zenu tisa na ya jirani mmoja mbishi, mkapime.

Mwalimu hashindwi hesabu, kwa hiyo nakupa njia isiyo na gharama. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, ikifuatwa na imp/kWh. Maana yake ni mipepeso mingapi inafanya uniti moja. Kama ni 1000, pima kwa saa ya simu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Umepata wati zinazotumika dakika hiyo nyumba nzima. Mpepeso kila baada ya sekunde 36 ni wati 100. Kila sekunde mbili ni wati 1,800, na hapo nenda kaangalie jikoni au bafuni. Kama mita ni ya 1600, jibu unalopata ligawe tena kwa 1.6. Watoto wa kidato cha pili wataipenda kazi hii kuliko mazoezi ya kitabuni.

Na hilo ndilo jaribio la kiboksi. Zimeni vyote, washeni birika peke yake, hesabuni mipepeso kwa dakika moja. Chomekeni kiboksi, hesabuni tena. Mwacheni kijana ahesabu kwa sauti.

Jaribio la pili ni la usiku. Saa tatu usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye mita, usomaji wa pili uwe saa kumi na mbili asubuhi. Friji dogo lenye afya, kwa baridi yenu, nisingetegemea livuke uniti 0.4 au 0.5 kwa saa hizo tisa. Likila 0.9 linakula kama 72 kwa mwezi, yaani limemaliza peke yake karibu uniti zote za bei ndogo. Kabla ya kumwambia mtu anunue jipya, bana noti ya shilingi elfu kwenye mlango wa friji na uivute. Ikitoka bila kupinga, mpira wa mlango umekufa, na mpira hubadilishwa. Tazama pia barafu iliyoota ndani hadi imekuwa kichuguu, na friji lililobanwa ukutani lisilopumua nyuma. Friji la marehemu baba yangu lilikuwa na kasoro zote tatu, na kwa miaka sita tulimlaumu dada wa kazi kwa kupiga pasi.

Maji ya kuoga yana dawa ya bure msimu ule ule yanapohitajika zaidi. Juni na Julai kwenu ni kiangazi: usiku unauma lakini mchana jua linawaka. Jazeni madumu meusi ya lita 20 asubuhi, yaegemee ukuta unaotazama jua na usiofikiwa na upepo. Msiniamini, wekeni kipimajoto. Yakifika nyuzi 28 tu alasiri, zaidi ya nusu ya kazi ya kuyafikisha 40 imelipwa na jua, na ile 87 inashuka chini ya 45. Yaingizwe ndani na kufunikwa blanketi kuukuu kabla ya magharibi, vinginevyo baridi ya jioni itaurudisha moto ulipotoka. Mwenye uwezo atafika siku moja kwenye hita ya jua ya kwenye paa. Asiye nao ana dumu.

Umeniuliza pia, kwa namna fulani, kwa nini watu hawawaamini. Kuna kijiji Uingereza, Ashton Hayes, mkoa wa Cheshire, chenye watu kama elfu moja, kilichoanza safari yenu mwaka 2006. Walianza bila mfadhili mkubwa. Walifanya jambo moja mapema ambalo naliona ndilo lililowaokoa: wanasiasa waliruhusiwa kuja, hawakuruhusiwa kuhutubia. Jambo la pili, Chuo Kikuu cha Chester kiliwasaidia kupima matumizi nyumba kwa nyumba, kwa hiyo mazungumzo yalihusu namba za majirani wenyewe na hakukuwa na lawama. Mwaka wa kwanza walipunguza hewa ya ukaa kwa karibu asilimia 20, na baada ya miaka kumi ilikuwa 24. Angalia namba hizo vizuri, Mwalimu. Karibu yote waliyoyapata yalipatikana mwanzoni, kwenye mambo mepesi kama kuanika nguo kwenye kamba badala ya mashine ya kukaushia. Kilichofuata kilikuwa kigumu na cha polepole. Msije mkavunjika moyo mwaka wa pili.

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka Maine, Marekani, kwenye mji wa Rockland, ambako mwaka 2010 waumini wa kanisa moja walianza kutengeneza fremu nyepesi za mbao zilizovikwa karatasi angavu ya plastiki, wakizipachika kwa ndani ya madirisha kuzuia baridi. Kazi ilikuwa ya kujitolea, na kutoka hapo ikasambaa miji mingine kwa jina la WindowDressers. Nikiufikiria mji wenu, na msitu wa Sao Hill ulivyo mlangoni, na vipande vya mbao vinavyotupwa kila siku kwenye mashine za kupasulia, naona fundi seremala na vijana watano wangeweza kuiga hilo kabla ya baridi ijayo. Madirisha ya vioo vya kupangana yanayopitisha upepo hata yakifungwa ndiyo ya kuanza nayo.

Lakini simama hapo. Kabla hamjaziba tundu hata moja, kuna neno la kusema mtaa mzima, na hili ndilo pekee ningependa lisemwe kanisani na msikitini. Jiko la mkaa halilali chumbani. Najua mnavyofanya Nyanda za Juu: mkaa ukishakolea na moshi kuisha, jiko linaingizwa ndani lipashe chumba, mlango unafungwa. Moshi umeisha kweli, ila gesi ya kaboni monoksidi haijaisha, na haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia, anaumwa kichwa kidogo, haamki. Chumba kilichozibwa vizuri na kamati yenu, kikiwa na jiko la mkaa ndani, ni kibaya kuliko kile kilichokuwa kinavuja upepo. Kwa hiyo nyumba inayopasha chumba kwa mkaa isizibwe hadi iache. Mwanakamati asiyekubali sharti hilo asipewe nyundo.

Tukiwa kwenye mkaa, geukeni sasa jikoni, maana kwa wengi wa mji wenu gharama kubwa ya nishati haipo kwenye LUKU, ipo kwenye gunia. Na mmebarikiwa kuwa na mama lishe wawili, watu wanaojua bei ya kila kitu. Mafinga iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharage yanayoiva Dar es Salaam kwa muda fulani, kwenu yanadai muda zaidi na mkaa zaidi. Sufuria ya kawaida haiwezi kushinda hilo hata ukichochea moto vipi. Maji yakishachemka, moto wa ziada unageuka mvuke tu. Presha kuka inaweza, kwa kuwa ndani yake joto hukaribia nyuzi 110. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 haiwaki muda wote. Hukata ikishapata mgandamizo, na maharage ya familia mara nyingi hayavuki nusu uniti. Hata kwa bei ya 356, hiyo ni chini ya shilingi 200. Watu wakisikia "kupikia umeme" wanakumbuka lile jiko la koili lililowafilisi, na wana haki. Hivi ni vyombo viwili tofauti kabisa.

Ila msihubiri. Mama lishe mmoja apike kilo moja ya maharage kwa mkaa kama kawaida, apime mkaa kwa mzani kabla na baada. Kesho yake kilo moja ile ile, iliyolowekwa usiku kucha, sufuria ikiwa na mfuniko. Kesho kutwa, presha kuka ya kuazima, kwa kusoma mita. Namba tatu ziandikwe kwa chaki kwenye ubao mbele ya banda lake. Wateja watauliza wenyewe. Nina uhakika siku ya pili peke yake, ambayo haina kifaa kipya hata kimoja, itawashangaza.

Maranda na unga wa mbao unaorundikwa na kuchomwa ovyo nao unapikika, kwenye lile jiko la kopo lililoshindiliwa na kuachiwa tundu katikati. Linawaka saa nyingi bila kuchochewa. Linatoa moshi, kwa hiyo ni la uani.

Shule na taasisi nigusie tu. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Shule ambayo haijamaliza kuhama isipokee mabanzi mabichi. Mbao ya msindano iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji inakula zaidi ya nusu uniti ya moto ili iondoke tu. Wanachoma kuni kukausha kuni. Banda la bati na miezi ya kusubiri ndiyo mtambo wote unaohitajika.

Kuhusu kuaminiwa, nyongeza mbili za haraka. Mwanakamati asiuze chochote na asipokee asilimia ya fundi yeyote, hata ikiwa halali. Na fundi wenu akiingia nyumbani kwa mtu akakuta waya zilizorukishwa mita, amweleze mwenye nyumba hatari ya moto na namna ya kujisalimisha, wala jambo hilo lisiingie kwenye daftari la kamati wala vijiweni. Mkishajulikana kama wapelelezi, hakuna atakayewafungulia geti. Anayeutaka udiwani, kama yupo, apumzike ukamati hadi uchaguzi upite.

Usajili subirini. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itawapokea wakati wowote, na mkiwa na kurasa za vipimo vya nyumba kumi mtapokelewa vizuri zaidi. Kwa sasa mnahitaji daftari kubwa la mistari, mzani wa kupimia mkaa na kipimajoto. Cha maabara ya sekondari kinatosha, mradi mkirudishe kabla ya mitihani ya vitendo.